Mstari Niliosema Ulichorwa na Mungu

Nisizunguke: nilidanganya kanisani, Biblia ikiwa wazi mbele yangu. Mimi, mtoto wa mwalimu, niliyelelewa kwa sala asubuhi na jioni! Aibu inanila mpaka leo.

Wakati ule wa Zaire nilikuwa mpimaji wa viwanja katika biro, yaani ofisi, ya mji, hapa Kamina. Wazee wa kanisa letu walitaka hekalu jipya, mlango utazame jua linakotokea, na barabara iufikie imenyooka toka stesheni ya treni. Kazi wakanipa mimi. Nikafunga kamba, nikapiga vigingi. Loo! Kamba ikapita juu ya jiko la baba yangu na nusu ya chumba chake.

Nikakaa chini, nikatazama. Halafu nikang'oa kigingi kimoja, nikakisogeza hatua nne. Hatua nne tu, jamani! Baba akapona. Kamba ikalalia nyumba ya jirani yetu, mama mjane, aliyetulisha bukari, ugali wetu, utoto wetu wote.

Wazee wakauliza mbona barabara inapinda kidogo. Jumapili nikasimama, nikasoma namna Musa alivyoonyeshwa mlimani mfano wa hema takatifu, nikasema: "Na minyi nilifunga, nikaomba. Mungu njo alinionyesha hii mustari." Nimefunga wapi! Nilikuwa nimeshiba samaki wa mtoni, wa kule Mulongo. Kanisa lote likaitika Amina. Nani abishane na Mungu?

Kesho yake yule mama akaja biro. Nilitamani anitukane. Akakaa pembeni ya kiti, akauliza polepole: "Mutoto wangu, weye njo ulisikia Mungu. Alisema nini juu ya mapasa yangu?"

Mapacha wake walikufa wachanga, akawazika palepale karibu na nyumba, kama wazee wetu walivyofanya. Nilijua. Nilipita juu yao na kamba mkononi.

Ningeweza kusema kweli. Lakini akilini nilimwona baba, nikawaona wazee, woga ukanishinda. "Alisema babaki palepale, Mama. Ile njo mahali yao."

Mtu mzima yule akapiga magoti mbele ya meza yangu, akapiga makofi taratibu, kama tunavyoshukuru wakubwa. "Aksanti, mwanangu. Basi nitabomoa minyi mwenyewe, bantu ba kazi basibakanyage batoto bangu."

Jumamosi nikamkuta anaezua nyasi za paa. Akaniita nimsaidie kushusha mlango, kwa sababu mimi, alisema, mikono yangu ni safi. Nikaushusha.