Folda Isiyo na Ukurasa wa Mbele

Sipendi kitu kinachofunguka chenyewe. Wenzangu ofisini hunicheka ninaporudi kuukagua mlango ambao nimeshaufunga, lakini wao hawakuiona ile folda siku niliyoiona mimi.

Ofisi yetu ni chumba kimoja hapa Nchelenge, juu kidogo ya soko la samaki. Harufu ya chisense, dagaa wa hapa, waliokaushwa huingia hata madirisha yakiwa yamefungwa. Tunawasaidia Wakongomani wenzetu wa kambi ya Mantapala kuwatafuta ndugu waliopotezana nao wakati wa kukimbia kwetu na kuvuka ziwa. Kila familia ina folda yake kwenye tovuti yetu: picha, sauti ya anayetafuta, na ukurasa wa mbele wa kumpokea mgeni. Mimi nashughulika na seva. Kurasa zenyewe zilikuwa mikononi mwa katekista mmoja mzee, mtu mpole, anayeandika kwa kidole kimoja.

Ndugu akipatikana, folda ilitakiwa kufungwa, na katekista aliifunga kama watu wa Mantapala wanavyofunga biashara. Kule, anayeuza chumvi na sabuni huweka meza mbele ya nyumba yake. Akiitoa meza, amefunga, hata kama mlango uko wazi na mali yote imo ndani. Hakuna anayeingia, ni aibu. Basi katekista naye alikuwa anatoa meza. Alifuta ukurasa wa mbele tu na kuviacha vingine vyote mahali pake, kwa sababu, alisema, sauti ya mtu aliyelia haitupwi. Hatukuona ubaya wowote. Seva yetu ya zamani ilimkatalia kila aliyeomba folda isiyo na ukurasa wa mbele, kwa hiyo hakuna aliyeweza kuchungulia ndani.

Halafu wenye seva tuliyokodi wakatuhamishia kwenye mashine mpya bila kutuambia neno. Ukiiomba seva folda, bila kutaja faili, kwanza inatafuta ukurasa unaoitwa index. Ikiupata, inakupa huo. Ikiukosa, inafanya ilivyoamriwa: inakufukuza, au inakutandikia mbele yako majina ya kila kitu kilichomo, uchague mwenyewe. Mashine mpya iliamriwa kutandika.

Tuliambiwa na mama mmoja anayevusha vitambaa na samaki. Alikuja asubuhi, akakaa bila kukaribishwa, akasema kwamba bandarini, ng'ambo ya ziwa, kuna wanaume wanasikiliza kwenye simu sauti ya mwanamke wa Mantapala, yule aliyempata binti yake kule Mununga. Wanaisikiliza, wanairudia, wanacheka kidogo.

Nilifungua folda ya yule mwanamke. Nikaona vitu vyake vyote vimepangwa kama samaki juu ya plastiki. Ilikuwepo picha yake. Ilikuwepo sauti yake. Ulikuwepo na mchoro wa njia ya kwenda nyumbani kwake, tuliomchorea dereva aliyemleta mtoto.

Mwanamke huyu alimwona shemeji yake akimpiga mumewe kasia la kichwa, ndani ya mtumbwi, kwa ugomvi wa nyavu, mpaka akafa. Shemeji alijua kwamba ameonwa. Ndiyo sababu alivuka na binti yake bila hata sufuria, wakapotezana njiani, na ndiyo sababu, mtoto alipopatikana, alituomba tumfiche upesi.

Niliiamuru seva isitandike tena kitu cha mtu yeyote. Katika kila folda iliyofungwa niliweka ukurasa wa index mtupu. Nilijaribu kwa simu yangu, nikapata ukurasa mtupu tu. Kazi yenyewe ilikwisha hata chai yangu haijaisha, na haikusaidia kitu, kwa sababu kilichokwisha kuchukuliwa hakirudi. Katekista alisimama nyuma yangu akilia waziwazi.

Tulikwenda Mantapala pamoja. Tulimkuta yule mwanamke anamenya muhogo, binti yake akiwa kando yake. Nilimweleza yote, na mchoro wa njia pia. Hakuacha kumenya. Aliuliza kama shemeji mwenyewe amesikia, nikasema sijui, ila inaelekea amesikia. Tukamwambia tunaweza kumtafutia mahali pengine, mbali, upande wa Mansa. Hapo ndipo alipoweka kisu chini.

"Siwezi kukimbia tena," alisema. "Mutoto ameanza masomo hapa. Murudishe ile ukurasa. Foto yangu pa mbele, na jina yake ile mwanaume, na kile alifanya. Kama nakufwa, watu wajue njo yeye ameniua."

Katekista alimsihi afikiri kwanza. Akajibu kwamba tangu siku ya kasia hajafanya kazi nyingine ila kufikiri. Tukarekodi palepale, muhogo ukiwa bado kwenye beseni. Alimtaja shemeji yake kwa jina lote, kijiji chake, na rangi ya mtumbwi. Sauti haikutetemeka. Nilirudi ofisini nikaweka maneno yake na uso wake kwenye ukurasa wa index, ili yeyote atakayeiomba folda ile aupokee kwanza huo, kabla ya kitu chochote.

Tangu hapo ukurasa unafunguliwa karibu kila jioni kutoka ng'ambo, na mtu mmoja, kwa simu ileile. Seva hunionyesha simu, haionyeshi jina, ila mimi nadhani ni shemeji. Anasikiliza mpaka mwisho, na hagusi kingine. Nilimwambia yule mwanamke wa Mantapala, naye akasema ni vizuri, asikie. Nikazoea kumwona kila nilipokagua seva, kama mtu anavyozoea mbwa wa jirani.

Wiki hii hajaufungua. Leo pia nimetazama, hakuna. Naogopa, na sioni haya kusema hivyo: natamani aufungue tena, ili nijue kwamba bado yuko upande ule wa ziwa.