Nilivyopima theluji ya Japani kwa mkono wa Mishamo

Wakuu, wakubwa shikamooni, wadogo marahaba mapema.

Hii siyo chai, ni kweli tupu. Ingekuwa chai ningeshainywa, maana hapa nilipo vidole vimekufa ganzi.

Mimi ni binti wa Mishamo, Katavi. Mama yangu anauza unga wa muhogo sokoni. Kilichonileta Japani ni kibarua cha msimu kwenye hoteli ya mlimani, watu wanakuja kuteleza kwenye theluji wamefunga mbao ndefu miguuni. Ndiyo, wanalipia kuteleza. Kwetu masika unateleza bure, na matope unapewa.

Nilianzia stoo ya viatu. Wakuu, viatu vya wageni wakishavua jioni... tuache tu.

Sasa kuna timu ya asubuhi. Inapanda na lifti kabla ya wageni, inakagua theluji, halafu bosi anaandika ubaoni mteremko ukoje. Niliitamani ile timu mpaka nikawa naiota. Bosi, mzee mmoja mpole, akasema nafasi ni moja na tuko wawili, mimi na kaka mmoja wa Nepal. Atatujaribu asubuhi mbili, atakayeshindwa anabaki na viatu.

Asubuhi ya kwanza akaniuliza, "Theluji ya leo ikoje?"

Nikajibu kwa kujiamini kabisa, "Nyeupe, nyingi, nzuri!"

Weee! Timu nzima walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Kumbe ilikuwa imelowa, nzito, inanasa mbao za watu. Niliona aibu jamani.

Mchana nikampigia mama video call. Kule nyumbani ni asubuhi, yuko kwenye mkeka anaanika muhogo. Nikamweleza huku karibu nalia.

"Umeishika?" akauliza.

"Nimeiangalia, mama."

"We mtoto! Unga unaangaliwa tangu lini? Mteja akija kwangu anafanyaje?"

Mteja anafumbata, wakuu. Ukifumbata unga ukabaki tonge, haujakauka. Ukimwagika kwenye vidole, huo mkavu, lipa uondoke.

Asubuhi ya pili nikavua glovu. Juu kabisa nikafumbata, nikafungua, ikamwagika yote. Mwenzangu wa Nepal akawahi kusema, "Kavu!" Na alikuwa sahihi.

Lakini mimi nikaomba tushuke. Mama hata gunia analipima juu na chini, maana wajanja wanaficha unyevu chini. Nikafumbata kule chini. Tonge!

Nikamwambia bosi, "Juu kavu, chini imelowa."

Akavua glovu yake, akafumbata, akaangalia tonge, akaniangalia mimi. Akaenda kuandika ubaoni maneno yangu yaleyale. Nilirukaruka kama mtoto, nikaanguka, na wala sikujali.

Siku hizi bosi ananiita kwenye redio kwa Kiswahili nilichomfundisha.

"Juu?"

"Unga."

"Chini?"

"Uji."

Nilichojifunza ni hiki: ile kazi ya mama niliyokuwa naionea aibu shuleni ndiyo imenitoa stoo. Nyie wenzangu, nyumbani mlifundishwa nini kikaja kuwaokoa mbali? Shusheni hapa. Na anayesema ni chai aje kesho asubuhi, glovu aache kwao.

Mama yeye ameshatangaza soko zima kwamba mwanae ni mkaguzi wa unga Japani. Sijamkatalia.