Birika ya Jirani

Mimi ni shosho mwenye wajukuu, si mtu wa kuogopa watu. Kwa hii ploti yetu ya nyumba za kukodi nimeigiza sauti ya kila mtu, mpaka pasta. Lakini hiyo siku, hapa mtaani Section 58, niliogopa.

Mlango wa mwisho anakaa mama Msomali. Alikuja na mtoto wa kunyonya, bwana akabaki huko kwao kwa vita. Kila akienda choo anabeba birika ya plastiki, ile ya kijani. Choo yetu ni moja, tunajua nani anaenda na nini. Sisi tunabeba karatasi, yeye anabeba maji. Watu wakaanza kunong'ona: anamwaga nini huko ndani?

Halafu watoto wa ploti wakaanza kuhara. Mtoto wa mama wa chapati, yule anapika hapo nje, mpaka akawekewa maji ya mshipa hospitali.

Mchana nikasikia kelele. Mama wa chapati amesimama hapo nje, wanaume wa bodaboda nyuma yake, mmoja ameshika rungu. Huyo mama akikasirika Kikuyu yote inamtoka: "Huyu mundu anamwanga ndawa kwa choo! Ndini yao ndio inawafundisha!" Wa rungu naye, Mluhya, sauti nzito kama ngoma ya kanisa: "Atoke hii ploti saa hii. Ama tufunje mlango."

Huyo jirani Msomali ndio alikuwa anaenda choo. Birika mkononi, mtoto mgongoni. Akasema polepole, vile wao husema: "Iko maji, mama. Maji tu. Ya kuosha." Nani atasikia? Rungu ikasonga mbele.

Sijui nani alinituma. Nilienda nikamnyang'anya birika. Nikageukia mama wa chapati, nikamuuliza na sauti yake mwenyewe: "Ndio hii ndawa?" Mtu akacheka huko nyuma. Hapo ndio nikaogopa kabisa, kwa sababu sasa wote wananiangalia mimi, na mimi pia sikuwa najua iko nini ndani. Wamesema hiyo maneno wiki mzima, imeniingia.

Nikakunywa. Yote.

Nikaketi kwa ndoo. Wao wanangoja nianguke, na mimi nangoja. Nikasema moyoni, mama yangu, naenda. Jirani akachuchumaa kando yangu akanishika mkono. Wake ulikuwa baridi kuliko wangu.

Tukakaa hivyo mpaka chapati ikaanza kuungua kwa jiko, mwenyewe akakimbia. Wanaume nao wakatoka mmoja mmoja. Wa rungu alikuwa wa mwisho. "Kesho tutaona kama utaamka, shosho."

Jirani akaniambia kwa sikio: "Mama, hiyo birika iko ya choo."

"Kwani mimi sina macho?"

Akacheka, mkono amefunika mdomo. Halafu akaingia kwake, nikasikia anasukuma kitanda kwa mlango.

Na mimi nikaenda nikasukuma kitanda yangu.