Waliokula Nyumba Mbili

Mize binti Shamte wa Miburani, kwa kupika pilau hana mpinzani kisiwani. Lakini kwa hesabu, loo! Hapo usimtafutie sifa. Alikuwa na miaka thelathini na tisa alipoingia darasa la watu wazima pale Kilindoni, kwa sababu moja tu: hifadhi ya bahari ilitangaza nafasi za kuongoza wageni, na aliyetakiwa ni mwenye cheti cha kidato cha nne. Bahari Mize anaijua, kalima mwani miaka chungu nzima. Karatasi ndiyo hana.

Kilichomkaba ni seti, ile hesabu ya makundi. Mwalimu Muhidini, mdogo kwake kwa miaka kumi, humwamkia kwanza, "Shikamoo, Bi Mize," akishaitikiwa marahaba ndipo anamsema mbele za watu. Huchora maduara mawili yaliyopandana, akauliza waliomo katikati ni wangapi. Mize hujumlisha tu, jibu likazidi watu wote waliotajwa.

"Bi Mize, leo tena umezaa watu wapya?"

Darasa kicheko. Kisha akatoa onyo: Jumatatu kuna jaribio, na atakayefeli jina lake haliendi kwenye mtihani wa taifa. Mize hata usingizi ukamruka.

Ijumaa yake alikuwa na kazi ya kupika harusi ya jirani yake, Safia. Nyumba ya bwana na ya bibi harusi zinatazamana, na kisiwani hapa nani si ndugu wa pande zote? Harusi iliyotangulia pilau ilikwisha wakwe hawajanawa mikono, na lawama zote akabebeshwa mpishi. Safari hii akaapa kuwajua walafi wake, wanaokula huku kisha wakala na kule. Akamweka mumewe, Ussi, mlango mmoja na shemejiye mlango wa pili, kila mmoja na kibakuli cha piko, ile rangi nyeusi ya kupambia maharusi. Mwanamume anayekula kwa bibi harusi apakwe kidole cha mwisho cha kulia. Kwa bwana harusi, cha kushoto. Wakiuliza, waambiwe ni baraka. Watu wanavyopenda baraka! Vidole wakanyoosha wenyewe.

Jumatatu ikafika. Swali: wageni sitini wamefika kisiwani. Thelathini na wanane wamepiga mbizi, thelathini na watano wamekwenda kumtazama papa potwe, saba wamelala tu hotelini. Wangapi wamefanya yote mawili?

Mize akajumlisha: sabini na watatu. Lahaula! Sitini wamekuja, sabini na watatu wametoka wapi? Maji yakamfika shingoni. Akainua macho kumwomba Mungu, yakamwangukia mwalimu pale mbele, kidevu kakiegemeza kwenye viganja viwili. Kidole cha mwisho cha kulia, cheusi. Cha kushoto, cheusi.

Kumbe na wewe!

Akacheka kimoyomoyo. Mtu mmoja, pilau mbili. Basi na hawa wageni ndio hao hao, wamehesabiwa baharini, wakahesabiwa tena kwa potwe. Sitini toa saba waliolala, hamsini na watatu. Sabini na tatu toa hamsini na tatu, ishirini. Pale palipoandikwa "onyesha njia", akaandika: "Aliyekula nyumba zote mbili amehesabiwa mara mbili, kwa hiyo anatolewa mara moja. Mfano: Mwalimu Muhidini."

Jumatano karatasi zikarudishwa. Mwalimu alizigawa kwa mkono mmoja, wa pili mfukoni. Ya Mize ilikuja imekunjwa mara nne, na ndani wino mwekundu: "Sahihi. Jina lako limekwenda. Mfano usimwonyeshe mtu."

Mize hakumwonyesha mtu, wallahi. Alimsomea Ussi tu. Na Ussi, akijua jambo asubuhi, adhuhuri hata kisiwa cha pili, Jibondo, wanalo.

Wiki iliyofuata Muhidini alichora maduara yake mawili ubaoni, akageuka. Kabla hajafungua kinywa, darasa zima likaitikia:

"Pilau!"

Mize akafungua daftari lake, akaandika tarehe.