Siku Bibi Aliponinyang'anya Kisu

Hapana, usiniambie mzee akinyamaza ndiyo uzee wenyewe. Nabisha! Michembe, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa juani, ikianza tu kuchemka, ile harufu yake tamu yenye vumbivumbi la jua, namwona bibi mzaa baba hapa mbele yangu. Halafu wewe unaniambia uzee?

Nilikuwa darasa la tatu. Bibi alipigwa kiharusi kule Magu, mkono wa kushoto ukafa ganzi, baba akamleta kwetu Igoma. Jamani, alitunzwa! Mama alimwogesha, akamvisha, akamlisha. Akigusa hata ufagio, mama anamuwahi: "Pumzika, mama. Umeshafanya kazi ya kutosha."

Na kweli akapumzika. Akageukia ukutani. Nikimwamkia shikamoo, kimya. Uji unarudi jikoni umeganda. Nikamsikia baba akimnong'oneza mama kwamba huyu hafiki mavuno. Nilimnunia baba wiki nzima.

Jumamosi moja mama akaenda sokoni, akaniachia viazi vitamu nimenye vya michembe. Nikakaa mlangoni kwa bibi, nakata maganda manene kama soli ya kandambili. Mara nyuma yangu:

"We mtoto, unamenya au unachonga mpini wa jembe?"

Wiki tatu hakuwa ametoa neno! Akajiburuza kwenye mkeka, akaninyang'anya kisu, akabana kiazi kwa nyayo zake mbili, na ule mkono mmoja ukaanza kutembea. Ganda jembamba linashuka refu bila kukatika. Vipande vinaanguka vyeupe, vyote unene mmoja. Nilisahau hata kufunga mdomo.

Mama akatokea, mbio. "Mama, lete kisu, utajikata!"

"Nijikate," bibi akasema. "Damu bado ninayo."

Mama akatua kapu, akakaa chini palepale, akachukua kiazi. Jioni bibi alimaliza uji wote, kisha akanifokea kwamba nimeanika vipande vimelaliana. Mavuno yakafika, yakapita, na mengine mengi, bado anafoka.

Mimi nilidhani viazi ni dawa. Nikamwekea kimoja chini ya mto, mpaka kikaota. Nimekuwa mtu mzima ndiyo naelewa: tulimpenda bibi mpaka tukambakizia kazi moja tu, kufa.

Na wewe, huyo wa kwako uliyemkalisha chumbani, kisu chake umekificha wapi?