Dawa Isiyoombwa Jirani

Muuguzi wa macho katika zahanati yetu ya Kilifi hupasha kichupa cha dawa kiganjani kabla ya kudondosha matone jichoni, huku akiimba kwa sauti ya chini. Juzi wimbo ulikatika. Mishipa ya damu iliyoota kwenye kioo cha jicho la Mama Kache, mshona makuti wa Matsangoni, ilikuwa imeikaribia mboni.

"Dawa umetia yote?"

"Nusu nimempa jirani. Jicho lake lilikuwa jekundu, ningemnyimaje?"

"Mama, hii si chumvi ya kuombana. Mishipa ikifika hapa kati, jicho hili halitaona."

Muuguzi alishapasha kichupa kipya. "Tazama juu. Huyo jirani yuko wapi?"

"Hapo nje. Ndiye aliyenishika mkono kunileta."

"Mwambie aingie nimwone. Kila mtu na chupa yake."