Aili Ruona Ashika Usukani

Aili Ruona alikuwa na miaka sabini na saba alipoamua kuzunguka peke yake kwa gari, kwenda kuwaona wanawe wawili na rafiki yake wa siku nyingi. Wazo lilikuwa limemkaa kichwani tangu kiangazi, ila lililomfanya akate shauri ni simu ya mwanawe wa kwanza, Dale, aliyempigia kumwambia asiende.

"Mama, nitakukatia tiketi ya ndege," Dale alisema. "Utafika huku Appleton hujachoka. Nitakupokea uwanjani."

"Ndege haisimami njiani."

"Unataka isimame ufanye nini?"

"Ninunue maapulo. Ninyooshe miguu. Nitajua nikifika."

Dale akashusha pumzi. Alikuwa mtu wa bima, na tangu ujana wake kazi yake ilikuwa kukadiria ajali ambazo bado hazijatokea. Mwezi wa Agosti Aili alikuwa akirudisha gari nyuma akaliangusha sanduku la barua la jirani, lililokuwa juu ya nguzo kando ya barabara. Yeye mwenyewe ndiye aliyemsimulia Dale, akicheka, na tangu siku hiyo hawakuwahi kumaliza mazungumzo bila sanduku lile kutajwa.

"Na lile sanduku je?"

"Nilinunua jingine, nikalipigilia mwenyewe. Ni zuri kuliko la kwanza. Sasa jirani anaomba nimgongee na uzio."

"Mama, sitanii."

"Wala mimi. Alhamisi nitakuwa kwako."

Kwa miaka ishirini na tisa Aili alikuwa ameendesha basi la shule kule Calumet, juu kabisa kwenye rasi ya Keweenaw, ambako theluji huanza kabla ya Desemba na mwezi wa Machi bado inafika kwenye madirisha. Alijua kona za barabara zile kama alivyojua ngazi za nyumba yake. Hakuwahi kumwacha mtoto barabarani, wala kumrudisha nyumbani akiwa na hata mchubuko. Lakini siku za mapumziko, yeye na mumewe Reino walipokwenda safari, Reino ndiye aliyeendesha. Aili alikaa kando, ramani mapajani, akimmenyea machungwa. Ndivyo walivyoishi, na hakuwahi kuligombania jambo hilo, maana kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa alikuwa ameushika usukani mpaka viganja vikaota sugu.

Reino alifariki mwezi wa Machi, miaka minne iliyopita, mle mle garini, wakitoka Marquette. Tangu hapo watoto ndio waliokuja kumchukua na kumrudisha kama mzigo wa thamani. Siku moja Aili akiwa anaosha vyombo akagundua kwamba katika maisha yake yote hajawahi kuvuka daraja la Houghton, la kutokea nje ya rasi, kwenda safari ndefu, peke yake, katika gari lake mwenyewe. Akaacha maji yakitiririka, akasimama pale akiwaza. Aliona haya, kisha akaona hasira.

Hakuwa mjinga. Daktari wa macho alimwambia kwamba usiku haoni kama zamani, naye akalipokea. Akajiwekea sheria: saa kumi jioni ikifika, gari limezimwa, popote alipo. Sheria hiyo hakumwambia Dale, kwa sababu Dale angeichukua kuwa ushahidi.

Alhamisi alfajiri alifunga pai nne za nyama na viazi katika kitambaa, akajaza chupa ya kahawa, akaweka mkate wa iliki kwenye kiti ambacho siku zote kilikuwa chake, akasubiri kupambazuke vizuri. Ilikuwa katikati ya Oktoba. Alipovuka daraja, misitu ilikuwa imewaka pande zote mbili kwa majani mekundu na ya manjano. Akateremsha kioo kidogo ingawa baridi ilikuwa kali, na hakuna mtu aliyemwambia apandishe. Alisimama alipotaka. Alinunua kapu la maapulo kwa mwanamke mmoja kando ya njia, wakazungumza nusu saa kuhusu magoti yao.

Saa tisa unusu alasiri alikuwa mlangoni kwa Dale.

Dale alimkumbatia kwa nguvu, na hapohapo, kwa juu ya bega la mama yake, akawa analikagua gari, akitafuta mikwaruzo. Mkewe alikuwa amepika samaki. Usiku ule walikula vizuri, hakuna aliyetaja sanduku la barua, na Aili akalala akidhani vita vimekwisha.

Asubuhi gari halikuwapo.

"Nimelipeleka gereji," Dale alimwambia kwa simu kutoka kazini. "Magurudumu yale hayafai, mama. Na fundi amekuta breki zina kasoro. Kuna kifaa kimeagizwa, kitachukua wiki, labda mbili. Usijali. Jumanne utapanda ndege urudi nyumbani, mimi nitakuletea gari nikipata nafasi."

"Nafasi hiyo utaipata lini?"

"Tutaona."

Aili akaweka simu chini. Breki zile alizifanya mwezi wa Septemba, kwa fundi aliyemjua tangu akiwa mtoto wa kupanda basi lake. Akavaa koti na viatu vya kutembelea, akamwuliza mkewe Dale gereji iko wapi. Mkewe akatazama mikono yake mwenyewe, kisha akasema: maili mbili, fuata barabara kubwa, iko upande wa kushoto. Hakusema zaidi, ila alimfungulia mlango.

Alitembea saa nzima. Gari lake la bluu lilikuwa uani, limeegeshwa mwisho kabisa, nyuma ya matela. Fundi alikuwa mtu mnene mwenye aibu.

"Breki zangu zina nini?" Aili akamwuliza.

"Hazina kitu, mama."

"Na magurudumu?"

"Yana misimu miwili bado." Akajikuna shingo. "Bwana Dale ni mteja wetu. Alisema tu likae hapa mpaka atakapokuja."

"Funguo ziko wapi?"

"Mama, mimi sitaki kuingia kwenye mambo ya familia."

"Umeshaingia. Fungua lile droo la dashibodi, soma kadi ya gari. Ukikuta jina la Dale, nitarudi kwa miguu na sitakusumbua tena."

Fundi hakwenda kusoma. Alitoa funguo mfukoni mwa ovaroli akampa, kisha akaanza kusogeza matela. Aili akamwambia asihangaike, nafasi iliyopo inatosha. Akalitoa gari kinyumenyume kati ya tela na ukuta, pengo la kiganja kila upande, bila kusimama.

Dale aliporudi jioni alilikuta gari limeegeshwa uani kwake, ubavuni mwa boti yake, limenyooka kama limepimwa kwa rula. Mama yake alikuwa ameketi jikoni, koti bado mwilini.

"Umenidanganya," Aili akasema. "Una miaka hamsini na mbili, na umenificha funguo kama mtu anayemficha mtoto peremende."

"Ningefanyaje? Unasikia nikisema?"

"Nasikia. Nakataa. Hayo ni mambo mawili."

Dale akakaa. Uso wake ulikuwa umebadilika, na Aili akamwona kijana wake wa darasa la tatu, yule aliyeogopa radi. "Mimi ndiye nitakayepigiwa simu, mama. Ya baba nilipigiwa nikiwa kwenye mkutano. Mpaka leo simu ikilia nikiwa kwenye mkutano, mikono inakufa ganzi. Baba aliweza kusimamisha gari kwanza. Wewe ukiwa peke yako, likikutokea kama lile, nani atalisimamisha?"

Jambo hili alikuwa amelifunika miaka minne, na alikusudia kwenda nalo kaburini.

"Baba yako hakulisimamisha," akasema.

Akamweleza. Walikuwa wamepita Baraga, ghuba imeganda upande wa kulia. Reino alisema "Aili," mara moja tu, kwa sauti ya kawaida, kisha kichwa kikaanguka. Mguu wake ulibaki kwenye mafuta. Lori la magogo lilikuwa linakuja mbele yao. Aili aliushika usukani kwa mkono mmoja, kwa mwingine akaitoa gia, akaliingiza gari kwenye ukingo wa theluji na kuliacha likwaruze ukingo ule mpaka mwendo ukafa, kisha akavuta breki ya mkono. Lori likapita likipiga honi. Ndipo alipomgeukia mumewe.

"Kwa nini hukutuambia?" Dale akauliza.

"Kwenye mazishi kila aliyenipa mkono aliniambia Reino alikufa akiniokoa. Nikaona basi, aende nalo, linampendeza. Sikuwa na haja nalo." Akafuta meza kwa kiganja ingawa haikuwa na kitu. "Leo umenilazimisha nimnyang'anye, na hilo ndilo linaloniuma kuliko gari."

Dale alitoka nje. Aili alidhani amekwenda kulia, na huenda alilia, lakini alipochungulia dirishani alimwona amechuchumaa gizani na tochi, anapima upepo wa magurudumu, moja baada ya jingine.

"Bado naogopa," alisema aliporudi.

"Ogopa, mwanangu. Kuogopa sijakukataza. Nimekukataza kugusa funguo zangu."

Jumamosi akaondoka. Dale hakumpungia mkono, alisimama tu mlangoni, mikono mifukoni.

Alivuka mto Mississippi mchana akaingia Iowa, akifuata vilima hadi nje kidogo ya Decorah, ambako binti yake Kirsti alifuga mbuzi na kutengeneza jibini. Kirsti alitoka bandani akitabasamu, mkono wa kulia umefungwa plasta hadi kwenye kiwiko.

"Nini hicho?"

"Nilianguka kwenye ngazi ya dari. Wiki tatu sasa."

"Na ulipanga kutuambia lini?"

"Mama, unamjua Dale. Angenipandisha ndege." Wakatazamana, wakacheka mpaka mbuzi wakageuka.

Aili alikuwa amepanga siku tatu akakaa tisa. Alikamua asubuhi na jioni, akilalamika mgongo na kukataa kuachia ndoo. Siku ya tano mbuzi jike mmoja alishindwa kuzaa, na daktari wa mifugo alikuwa na mgonjwa mwingine zahanatini kwake, akasema wamlete huko. Kirsti hakuweza kushika usukani wa pikapu. Aili alifunga tela mwenyewe, akawateremsha wote kwenye barabara ya kokoto, Kirsti nyuma na mbuzi akimshika kichwa. Kwenye zahanati ile kulikuwa na njia nyembamba ya kurudisha tela hadi mlangoni. Mkulima aliyekuwa akisubiri akajitolea kumsaidia. Aili alimwambia asante, asogee tu kidogo, asikanyagwe. Akaingiza mara moja. Vitoto viwili vilitoka hai.

"Usimwambie Dale," Kirsti alisema njiani wakirudi.

"Kwamba umevunjika mkono, au kwamba nimekuendeshea mbuzi?"

"Yote mawili."

"La mkono ni lako. La mbuzi ni langu, nitamwambia nikifika nyumbani."

Kutoka hapo alikwenda kaskazini hadi mji wa Superior, kwa rafiki yake Verna Hautala, aliyesoma naye darasa moja. Verna alikuwa na akili kali kuliko zamani na nyonga mbovu, na wanawe walikuwa wamemweka kwenye nyumba ya wazee yenye mazulia manene. Msichana wa mapokezi alisimama alipowaona wakielekea mlangoni.

"Bibi Verna, nani ameruhusu utoke?"

"Mimi," Verna akasema. "Nimejiomba, nikajikubalia. Andika hapo."

Waliendesha kando ya Ziwa Superior, mawimbi ya kijivu yakipiga miamba, majani ya mwisho yakiruka mbele ya kioo. Walisimama mahali wakala pai ya mwisho, ambayo Kirsti alikuwa ameigandisha, ndani ya gari, kitoweo kikiwadondokea kifuani.

"Waliniomba funguo mara moja tu," Verna akasema. "Sikubisha, shoga. Nilizitoa kwenye pochi nikawapa. Halafu wakaomba mbwa. Halafu nyumba. Hata hawakuwa wabaya. Waliomba kwa upole sana." Akatazama maji. "Na wewe, siku ikifika kweli utafanyaje?"

"Itafika, najua," Aili akasema. "Lakini mimi ndiye ninayekaa nyuma ya usukani. Nitaiona kabla yao, na mimi ndiye nitakayeitangaza. Sio kamati."

"Na ukijidanganya?"

Swali lile lilikuwa la haki, na ni Verna peke yake ambaye angeweza kumwuliza bila kumkasirisha.

"Basi wewe niambie," akasema. "Nitakuwa nakuja kila Oktoba na kila Mei. Panda gari, nitazame. Siku ukiogopa kukaa hapo ulipo, sema."

"Leo umelipita lile lori karibu mno."

"Lile lori lilikuwa katikati ya njia yangu."

"Kweli," Verna akakiri. "Lilikuwa."

Aili alifika Calumet siku iliyofuata saa tisa alasiri, maili karibu elfu moja nyuma yake, theluji ya kwanza ikianza kupeperuka. Aliwasha jiko la sauna, chumba chake cha kuogea mvuke, na lilipokuwa linapata moto akampigia Dale.

"Nimefika."

"Salama?"

"Mzima kabisa. Na nimezalisha mbuzi."

Dale akacheka kwa mara ya kwanza tangu Agosti. Akauliza barabara ya ziwani ilikuwaje, na alisimama wapi, na maapulo yalikuwa ya aina gani. Mwishoni akasita kidogo.

"Mama, Sikukuu ya Shukrani. Mke wangu anauliza kama nije nikuchukue, au... au utakuja mwenyewe."

"Novemba theluji itakuwa nyingi, na jua linazama mapema," Aili akasema. "Sitakuja. Njooni ninyi. Bata mzinga nitampika mimi, na vitanda vipo."

"Mbali huko, mama. Saa tano za kuendesha."

"Barabara ni ileile, Dale. Haiongezeki urefu ukija huku."